Maziwa ya Ngamia kwa Mama Mkwe

Watu wakisikia wake wenza wanapendana, huanza kuuliza nani amemlisha mwenzake nini. Sisi tumeulizwa sana hapa Magunga. Phelesia ni mke wa kwanza wa marehemu Oyaro, mimi Milka ni wa pili, na tangu mzee atutoke tunaishi boma moja, tunapikia jiko moja na kugombana kila siku juu ya chumvi. Yeye anapenda chumvi kama ng'ombe. Mimi nina presha. Namwita nyieka, mke mwenzangu, naye huniitikia kwa jeuri ya makusudi, lakini nikiumwa na kichwa tu, yeye ndiye wa kwanza kunifokea nikalale. Basi wanaotaka kujua amenilisha nini, jibu ni chumvi.

Kwa hiyo daktari wa Homa Bay alipotuambia kwamba uvimbe ulio kwenye titi la kushoto la Phelesia ni kansa, aliyelia ni mimi. Mgonjwa mwenyewe alinipa leso yake akaninong'oneza nisimwaibishe mbele ya watu. Daktari alisema ataanza na kemo, ile dawa ya kutiwa mshipani, ili uvimbe unywee kwanza, halafu ndipo apasuliwe. Alisema pia tumewahi. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili.

Lakini kemo, jameni, si mchezo. Ilimtapisha, ikamchubua midomo, ikamnyoa nywele zote. Akawa anafunga kitambaa kichwani hata tukiwa wawili tu, mimi ambaye nimemwona akijifungua. Samaki, ambaye zamani alimla mpaka macho, sasa alimsukuma pembeni kwa nyuma ya mkono. Nilipika uji wa wimbi, nikapika ndizi, nikapika hadi nikaishiwa na akili. Alionja, akanishukuru kwa upole, na huo upole wake ndio ulionitisha. Phelesia ninayemjua mimi hana upole.

Sasa nimlete Barnabas. Binti ya Phelesia, Joyline, ni mwalimu huko Suna, Migori, na mume wake Barnabas ni Mkuria wa Kegonga. Kazi yake ni utafiti kwenye maabara ya chuo, na wikendi hurudi nyumbani Suna. Kijana mzuri, mnyamavu, mwenye adabu mpaka inachosha. Maana ujue kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake hata mvua inyeshe mawe. Mambo ya mwilini hayatajwi kabisa kati yao. Kwa Wakuria ni vilevile, pengine zaidi. Basi ndoa hii ilipofungwa, heshima ya huku ikawekwa juu ya heshima ya kule, ukawa ukuta. Barnabas akitaka kumwambia Phelesia kwamba mvua inakuja, anamwambia Joyline, Joyline anamwambia mama yake, na kufikia hapo sisi sote tumeshalowa. Na mimi, kwa kuwa ni mke mwenza, nahesabiwa mama mkwe pia.

Alasiri moja tulikuwa tunabambua njugu karanga, redio iko dirishani, mtangazaji akasema leo tuna mgeni anayefanya utafiti wa saratani. Mgeni alipofungua mdomo, alikuwa Barnabas. Phelesia, ambaye siku hiyo alikuwa hajiwezi, aliketi wima kama bibi harusi. Akaniamuru nizime mdomo wangu. Barnabas akaeleza kwa ile sauti yake ya pole kwamba wanachunguza maziwa ya ngamia, kwamba kule Isiolo na Garissa watu wameyanywa tangu zamani, na kwamba kwenye maabara wameona maziwa hayo yakipunguza seli za saratani ya titi.

Kusikia tu titi, Phelesia aliruka akaizima redio kama amegusa nyoka. Ati mkwe wake ametaja titi, na yeye ameketi hapo anasikiliza. Nilicheka mpaka njugu zikamwagika. Nilimwambia dunia nzima imesikia, na yeye akasema dunia nzima si mama mkwe wa Barnabas. Nikasahau habari hiyo siku ileile.

Haukupita muda, Joyline akaja na mtungi. Maziwa ya ngamia. Barnabas alikuwa ameyanunua kwa wale wale wanaowaletea maabara, akamtumia mama mkwe wake, kwa sababu kwao mtu haendi wala hatumi salamu ukweni mikono mitupu. Joyline alisema baba watoto anaomba mama anywe, yatampa nguvu. Basi. Hakuongeza neno. Phelesia aliupokea ule mtungi kwa mikono miwili akainama kidogo, na mimi nikaona ni adabu tu.

Niliyachemsha vizuri, maana Joyline alikazia hilo. Nikaonja. Mepesi, yana chumvichumvi, nikajua nyieka atayapenda. Nikajaribu kuyagandisha kwenye kibuyu tupate maziwa lala, nikasubiri, yakakataa kushikana, yakabaki majimaji. Nilimtukana muuzaji, nikasema ameongeza maji. Baadaye nikaambiwa ni tabia ya ngamia, hayashikani kama ya ng'ombe, basi nikamtukana ngamia.

Lakini sikudumu na hasira, kwa sababu Phelesia alianza kurudi. Haki ya Mungu, alirudi mbele ya macho yangu. Midomo ilipona. Akala samaki, akaacha mifupa mitupu. Akanifokea kwamba mboga haina chumvi, na mimi nikamfokea kwamba afadhali yeye afe kwa chumvi kuliko mimi, kisha tukanyamaza kwa sababu ya hilo neno, kisha tukacheka. Mtungi ulipoisha ulikuja mwingine. Siku moja alifungua kitambaa akanivuta mkono akauweka kichwani. Nywele. Laini, kama za mtoto mchanga. Nililia tena, na safari hii hakunipa leso.

Kuhusu hospitali, Phelesia alisema daktari amempumzisha. Nilimwamini. Tangu mwanzo alikuwa ameshanikataza kumsindikiza Homa Bay, ati nalia hadi wagonjwa wengine wanadhani yeye ndiye amekufa. Na mtu mwenyewe anakula, ananona, ana nywele. Nani angeuliza?

Huwa namsugua mgongo akioga. Asubuhi moja mkono wangu ulipita chini ya kwapa la kushoto ukasimama wenyewe. Palikuwa na kitu kigumu pale ambapo hapakuwa na kitu. Nikapeleka vidole mbele kidogo, kwenye ule uvimbe tunaoujua. Haukuwa umenywea. Ulikuwa mkubwa kuliko siku ile niliyolia.

Nikamgeuza. Nikamuuliza mara ya mwisho kwenda hospitali ni lini. Akasema maji yanapoa. Nikamwambia yapoe, yagande, yawe mawe, nijibu. Akachukua kanga yake akajifunga polepole, akaniambia.

"Niliacha kemo nilipopata maziwa," alisema. "Wewe Milka, ulitaka Barnabas anieleze vipi zaidi ya pale? Hawezi kuja kuniambia habari ya titi usoni. Kwa hiyo alisemea kwenye redio, akijua ninasikiliza. Halafu akatuma dawa yenyewe. Nikirudi kwa kemo nitakuwa nimemwambia mkwe wangu kwamba ni mwongo."

Nilibaki na sabuni mkononi. Ubaya ni kwamba nilimwelewa. Mtu wa mbali angesema huyu mama hana akili, lakini sisi ndivyo tunavyosemeshana na wakwe, kwa mtu wa kando, kwa zawadi, kwa kikohozi mlangoni. Ukiletewa kuku unajua kuna ombi. Kwa nini redio isiwe mtu wa kando? Nilimwambia huenda amekosea. Akaniuliza, na nywele je? Na samaki ninayemla je? Mimi nikizidiwa nakuwa mkali, kwa hiyo nilimrushia taulo nikatoka.

Nilifikiria kumpigia simu Joyline amwambie mama yake. Nikaona ni bure. Phelesia angesema hayo ni ya Joyline, si ya mumewe. Aliyemtia imani hiyo ni Barnabas, na angeweza kuitoa Barnabas peke yake, kwa mdomo wake, na mdomo huo ndio uliofungwa na desturi. Jumamosi nikavaa viatu vya kanisa nikaenda Suna.

Sikuingia nyumbani. Nilikaa nyuma ya jiko kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, na Barnabas akakaa ndani upande wa pili wa ukuta. Joyline akasimama mlangoni, katikati yetu, uso wake unauliza kuna nini. Nilimwambia, "Mwambie mume wako maziwa yake yanamuua mama yako."

Joyline hakuweza kulirudia. Hakukuwa na haja, ukuta wa jikoni si wa benki. Sauti ya Barnabas ikamuuliza Joyline kama ni kweli mama ameacha dawa. Nikasema mwambie ni kweli, na uvimbe umepata mwenzake kwapani. Joyline akaanza kulia. Barnabas akasema kwenye redio alieleza waziwazi, mwisho kabisa, kwamba mtu asiache matibabu, kwamba hayo ni mambo ya maabara, bado hayajathibitishwa kwa binadamu. Maziwa aliyatuma kwa sababu alisikia mama hawezi kula. Alisema alidhani mama amesikia kipindi chote.

"Mwambie alizima," nilisema. "Alizima pale mume wako alipotaja titi, kwa heshima."

Nilisikia kiti kikilia kwa uzito wake. Nilimwonea huruma yule kijana, nikamkasirikia, nikamhurumia tena. Kisha akasema neno ambalo Joyline hakulibeba. Lilitoka kwake likaja kwangu moja kwa moja.

"Mama, kesho nitakuja."

"Njoo," niliujibu ukuta.

Alikuja Jumapili tukiwa tumetoka kanisani. Nilikuwa nimeshamwambia Phelesia kwamba mkwe anakuja na sikumwambia kwa nini, kwa hiyo alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kitambaa kipya. Yeye alikaa ndani karibu na mlango, uso ukutani. Barnabas alikaa nje chini ya paa la veranda, uso njiani. Mimi nikawekwa kizingitini, niwe wa kupitisha maneno. Joyline alibaki kwa majirani, hakuweza kusikiliza.

Barnabas alianza vizuri. Akaniomba nimwambie mama kwamba amekuja kwa mambo ya afya yake. Nikamwambia. Phelesia akaniambia nimshukuru mkwe kwa dawa. Nikageuka nimshukuru mkwe kwa dawa, naye akainua mkono kunizuia.

"Mama Milka, usiseme hilo," alisema. "Nitasema mwenyewe. Mama, yale maziwa si dawa."

Phelesia alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema.

Barnabas akaendelea, uso bado njiani, na mikono yake ikishikana. Alisema kwenye maabara yao wana visahani vidogo, na ndani ya visahani wanakuza seli za kansa, kisha wanazimwagia maziwa au kitu kilichotolewa kwenye maziwa. Seli zinapungua, ni kweli, na wanafurahi, kwa sababu huenda siku moja wakapata humo kitu cha kusaidia dawa zilizopo. Lakini kisahani si mtu. Hata sabuni ya unga ukiimwaga kwenye kisahani, seli zinakufa, na hakuna anayemwambia mgonjwa anywe sabuni. Alitaja titi. Alilitaja mara nyingi, kila mara shingo yake inazama kidogo, na Phelesia hakuziba masikio.

Mwishowe nyieka akasema, si kwangu, "Na hiyo kansa ya kwenye visahani ni ya nani?"

Barnabas hakuwa amelitegemea swali hilo. Alisema wanazotumia sana zilitoka kwa mama mmoja wa Marekani. Zilichukuliwa kwake zamani, na tangu hapo zimekuwa zikizaana, zikigawiwa maabara za dunia nzima.

"Yeye yuko wapi?"

"Alikufa, Mama. Kabla mimi sijazaliwa."

"Kwa hiyo mwenyewe alikufa, na ugonjwa wake ndio mnaoulisha maziwa."

"Ndiyo, Mama."

Phelesia alifikiri. Akauliza kama yule mama aliacha watoto. Barnabas akasema hapana, alikuwa mtawa. Nyieka akatikisa kichwa, akasema maskini, basi hakuwa na mkwe wa kumsumbua. Halafu akavua kitambaa. Mbele ya mlango ulio wazi, mkwe akiwa nje, Phelesia binti wa watu wenye heshima zao alibaki kichwa wazi, na mimi nilisimama kumficha, akanisukuma.

"Na hizi nywele?"

Alimaanisha atazame. Barnabas hakujua afanye nini. Nilimwambia geuka, mwanangu, geuka tu, Mungu anaona hatuna njia nyingine. Akageuka. Wale watu wawili wakatazamana, na sijui hata kama kabla ya hapo kila mmoja alijua mwenzake ana macho ya namna gani.

"Zimeota kwa sababu kemo imetoka mwilini," alisema Barnabas. "Hamu ya chakula pia imerudi kwa sababu hiyo. Maziwa yamekusaidia kupata nguvu, lakini huku nyuma ugonjwa umepata nafasi. Ningejua, ningekuja kwa magoti. Nakuomba urudi hospitali. Mimi nitakupeleka."

Nilitaka nyieka agombe. Nilitaka arushe kitu. Badala yake alipapasa zile nywele zake, mbele hadi kisogoni, na uso wake ukawa mdogo. Nilijua anaziaga. Roho iliniuma sana, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimezipenda, nilikuwa nimeanza kumtania kwamba mwaka ujao tutasukana.

Kisha akamuuliza Barnabas kama maziwa anaweza kuendelea kuyanywa. Barnabas akasema amuulize daktari, na kama akikubali, yeye ataleta mpaka ngamia wachoke. Phelesia akasema sawa. Akasema pia siku nyingine akizungumza redioni aanze na ile sehemu ya mwisho.

Jumanne Barnabas alitupeleka Homa Bay. Daktari alimpima, akapiga picha, hakutufokea, nami nilikuwa nimejiandaa kumfokea akitufokea. Alisema uvimbe umekua na umefika kwapani, itabidi abadilishe dawa, itakuwa ndefu zaidi na ngumu zaidi, na hawezi kutuahidi kitu. Alisema njia bado ipo. Safari hii hakusema tumewahi.

Kwenye chumba cha dripu kuna kiti kimoja kwa mgonjwa na kimoja kwa ndugu. Mimi nikakalia cha ndugu, bila kuulizwa, ndiyo haki yangu. Barnabas alisimama nje ya mlango, mgongo kwetu, kama ilivyo desturi. Nesi akaja na sindano, akatafuta mshipa, akaukosa. Akatafuta tena. Mishipa ya Phelesia ilikuwa imejificha, na yeye, ambaye hajawahi kuogopa hata fisi wa mbuga ya Ruma, anaogopa sindano kama mtoto. Nikanyoosha mkono wangu aushike.

Hakuushika. Alisema, "Barnabas, njoo."

Barnabas aliingia macho yakiwa sakafuni. Phelesia akampa mkono, ule mkono ambao tangu amwoze Joyline hakuwahi kumpa hata wa salamu. Barnabas akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akapiga magoti kando ya kiti kwa sababu kiti cha ndugu nilikuwa nimekikalia mimi.

Nesi aliona yule mwanamume mzima analia, akauliza kwa upole, "Mama, huyu ni nani wako?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya wakwe, nyieka akaniwahi.

"Mtoto wangu," alisema. "Nimemzaa juzi Jumapili."

Nesi akanitazama, nadhani anapima kama ugonjwa umempanda mama kichwani. Nilimwambia ni kweli, nilikuwepo, na atafute mshipa.